Uzi: Kalprotektini ya nyongo na vipimo vingine vya majimaji katika ugonjwa wa mirija ya nyongo. Kila kimoja kinasema nini?

#1 Pipeti

Habari wakuu. Naomba tulijadili hili kwa kina, kwa sababu maombi yanaongezeka maabara na majibu tunayotoa yana uzito kwa mgonjwa.

Nyongo inavutwa wakati wa ERCP (kamera ya endoskopi inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija wa nyongo), inaletwa ndani ya bomba la sindano, na fomu ina neno moja tu: "kalprotektini". Seti nyingi za ELISA (kipimo cha protini kwa kutumia kingamwili na rangi) zilizopo zimetengenezwa kwa ajili ya kinyesi. Kinachotafutwa ni inflamesheni ya mirija ya nyongo, hasa ile inayoacha makovu, yaani PSC (primary sclerosing cholangitis).

Maswali yangu ni manne. Je, namba ya kalprotektini kwenye nyongo inaweza kuthibitisha PSC? Sampuli ichukuliwe na kutunzwaje? Je, ELISA ya kinyesi inafaa kwa nyongo? Na kabla ya kuifikia nyongo, damu ilitakiwa iwe imeshasema nini?

#2 Mrija_Mkuu

Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote, nianze nalo. Haithibitishi.

Kalprotektini ni protini mbili zilizoshikana, S100A8 na S100A9. Ndani ya nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zimejaa kiasi cha kufikia karibu asilimia 60 ya protini zote za utomvu wa seli hiyo. Kwa hiyo ukikuta kalprotektini nyingi kwenye nyongo, umejua kwamba nyutrofili zimeingia kwenye mrija na zimepasuka au zimemwaga vilivyomo. Hujajua zimefuata nini. Kijiwe kilichokwama kinaziita, na bakteria pia. Stenti ya plastiki (kijibomba cha kuuweka mrija wazi) iliyokaa miezi mitatu inaziita. Mlango wa mrija uliokwisha kukatwa kwenye ERCP iliyopita unaruhusu vijidudu vya utumbo kupanda, navyo vinaziita. PSC ni mwito mmoja tu kati ya hiyo.

Interleukini-8 (IL-8) nayo imepimwa sana kwenye nyongo, kwa sababu ndiyo kemikali inayozivuta nyutrofili. Vituo vya Oslo na Helsinki vimeifanyia kazi nyingi nyongo ya wagonjwa wa PSC, na faida inayoonekana zaidi ni kupima ukali wa ugonjwa na mwelekeo wake kwa mtu ambaye *tayari* utambuzi wake umekamilika kwa picha. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kumtambua mgonjwa mpya.

Na naomba hili lisomwe polepole: ERCP isifanywe kwa ajili ya kuvuta nyongo ya kupima tu. Kongosho kuvimba baada ya ERCP hutokea kwa asilimia 3 hadi 10 hivi ya wagonjwa, na wengine hufa. Kama mgonjwa anaingia kwenye ERCP kwa sababu ya haki, kama kupanua sehemu iliyobana au kuchukua seli kwa burashi, hapo nyongo ni zawadi, ichukue. Kinyume chake hapana.

#3 Seramu

Naunga mkono #2. Nizungumzie damu, kwa sababu asilimia kubwa ya makosa yanatokea hapo, tena ni makosa rahisi.

Alama ya kwanza ni ALP na GGT (vimeng'enya vinavyopanda nyongo ikikwama) kupanda kuliko ALT (kimeng'enya cha seli za ini). Tumieni uwiano wa R: gawa ALT ya mgonjwa kwa kikomo cha juu cha kawaida, gawa ALP kwa kikomo chake, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Mfano: ALT 96 na kikomo 40, unapata 2.4. ALP 480 na kikomo 120, unapata 4.0. R ni 0.6. Chini ya au sawa na 2 ni nyongo kukwama, 5 na kuendelea ni seli za ini zenyewe kuumia, katikati ni mchanganyiko.

Sasa tyubu. ALP ni kimeng'enya kinachohitaji zinki na magnesi ili kifanye kazi. EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, kazi yake ni kuyakamata madini hayo. Damu ikitolewa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau halafu mtu akaimimina kwenye ya nyekundu ili kuokoa muda, ALP inashuka kwa uongo na mgonjwa wa mirija anaambiwa yuko salama. Dalili ya kosa hili ni tatu kwa pamoja: potasiamu iko juu ajabu, kalsiamu iko chini ajabu, ALP iko chini. Ukiona hizo tatu usitoe jibu, omba damu upya. Tyubu ya sitreti nayo haifai.

Bilirubini inaharibiwa na mwanga. Rafu ya seramu ikiachwa dirishani mchana mzima, namba inashuka. Funika kwa karatasi ya alumini au weka kabatini.

ALP inatoka pia kwenye mifupa, kondo la nyuma na utumbo. Kijana anayekua, mama mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, mtu aliyevunjika mfupa, wote ALP yao inapanda bila mirija kuwa na tatizo. GGT haitoki kwenye mfupa, ndiyo maana tunazipima pamoja. Hata mlo wenye mafuta huipandisha ALP ya utumbo kwa baadhi ya watu wa kundi la damu O na B, kwa hiyo damu ya asubuhi kabla ya kula ni bora.

GGT nayo isiaminiwe peke yake. Pombe, rifampisini, fenitoini, kabamazepini na efavirenzi huipandisha.

#4 Mwanafunzi_wa_Tiba

Asanteni walimu. Je, ALP ikiwa ya kawaida tunaweza kuifuta PSC?

#5 Seramu

Hapana. Katika PSC, ALP hupanda na kushuka yenyewe, na wapo wagonjwa ambao siku ya kupimwa iko ndani ya kawaida. Kama mtu ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana na GGT yake imepanda bila maelezo, apelekwe kwenye picha hata kama ALP imetulia.

#6 Mrija_Mkuu

Ngazi inayofuata baada ya damu ni hii, kwa mtu mzima mwenye dalili za nyongo kukwama:

Kwanza ultrasaundi. Siyo kwa ajili ya kuiona PSC, maana mara nyingi haionekani, bali kwa ajili ya vijiwe, uvimbe wa kichwa cha kongosho, na mrija mkuu uliopanuka. Mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi, isipokuwa kwa wazee na waliotolewa kifuko cha nyongo.

Pili kingamwili. AMA (kingamwili dhidi ya mitokondria) inatafutwa kwa sababu ya PBC, ugonjwa wa mirija midogo unaowapata zaidi wanawake wa makamo. Ikiwa chanya kwa uzimuaji wa 1:40 au zaidi pamoja na ALP iliyopanda muda mrefu, utambuzi umefungwa bila hata kuchoma sindano ya ini. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye PBC wanayo. PSC haina kingamwili ya aina hiyo. p-ANCA (kingamwili dhidi ya nyutrofili) huwa chanya kwa wengi wenye PSC, lakini pia kwa wenye homa ya ini ya kingamwili na wenye vidonda vya utumbo mpana, kwa hiyo haiamui chochote. Mimi sioni sababu ya mgonjwa kuilipia.

Tatu IgG4 ya seramu (aina moja ya kingamwili za damu), kwa kila mtu anayedhaniwa ana PSC, mara moja mwanzoni. Nitairudia chini kwa sababu ina mtego.

Nne MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo). Hapa ndipo utambuzi wa PSC unapofungwa: sehemu zilizobana zikifuatana na sehemu za kawaida au zilizopanuka kidogo, mpaka mti wa mirija unaonekana kama shanga zilizotungwa. Uchambuzi wa tafiti zilizounganishwa uliipa MRCP uwezo wa kuwanasa asilimia 86 ya wenye PSC na kuwaacha sahihi asilimia 94 ya wasio nayo.

Picha ikiwa safi na bado damu inalalamika, hasa kwa mwenye ugonjwa wa utumbo, hapo ndipo kipande cha ini kinatafutwa, kwa sababu ipo PSC ya mirija midogo isiyoonekana kwa MRI. Duara za makovu kama maganda ya kitunguu kuzunguka mrija ndizo kielelezo, ingawa kipande kidogo cha sindano hukosa kuzinasa mara nyingi.

Na ukishafunga utambuzi wa PSC, mgonjwa afanyiwe kolonoskopi na kuchukuliwa vipande, hata kama hajawahi kuharisha. Wengi wao wana inflamesheni ya utumbo mpana iliyotulia kimya, hasa upande wa kulia.

#7 Picha_MRI

Kuhusu MRCP niongeze mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye fomu za kumwandaa mgonjwa.

Afunge kula na kunywa kwa muda wa saa nne. Kifuko cha nyongo kinajaa, na majimaji ya tumboni yanapungua. Yale yanayobaki tumboni na kwenye duodeni yanang'aa sawa na nyongo na kuufunika mrija mkuu. Dawa ya bei nafuu ya tatizo hilo ni juisi ya nanasi. Ina manganisi ya kutosha kuzima mng'ao wa majimaji ya tumbo kwenye picha za T2. Mililita 200 hadi 400, dakika 15 hivi kabla ya kulala kwenye mashine. Iwe ya nanasi halisi yenye uzito. Ile ya unga wa ladha haina manganisi.

Pili, MRCP ifanywe *kabla* ya ERCP au stenti. Hewa inayoingia kwenye mirija baada ya mlango kukatwa hutoa vitundu vyeusi vinavyofanana na vijiwe, na mirija iliyonyonywa na stenti inasinyaa, huwezi tena kusema ilikuwa imebana wapi.

#8 Pipeti

Shukrani. Sasa tushuke kwenye sampuli yenyewe. Tunapokea nyongo yenye rangi tofauti mno: ya dhahabu, ya kijani nzito, nyingine karibu maji.

#9 Skopu_ya_Pembeni

Hiyo ya karibu maji ni dawa ya kontrasti, ile inayoonyesha mirija kwenye X-ray. Nieleze inavyotakiwa kufanyika upande wa chumba cha endoskopi.

Katheta ya ERCP ina urefu wa karibu mita 2. Tundu lake likiwa na kipenyo cha milimita 1, ndani yake linabeba mililita 1.5 hivi. Kwa mazoea wauguzi huijaza kontrasti kabla ya kuanza ili kutoa hewa. Kwa hiyo mililita moja na nusu ya kwanza unayovuta siyo nyongo. Ukituma mililita 2 maabara, robo tatu ya ulichotuma ni kontrasti, na kila kiashiria kitasomeka chini.

Utaratibu unaofaa:

Ingia kwenye mrija kwa waya wa kuongoza, bila kuchoma kontrasti. Thibitisha kwa X-ray kwamba waya umeelekea kwenye ini na siyo kwenye kongosho. Pandisha katheta juu ya waya hadi ipite sehemu ya chini ya mrija mkuu, toa waya, unganisha bomba la mililita 10. Vuta taratibu. Ukivuta kwa nguvu ukuta wa mrija unafyonzwa kwenye ncha, damu inaingia, na damu ina nyutrofili zake. Mililita 2 za kwanza zitupwe. Kusanya 5 hadi 10 zinazofuata. Ndipo sasa ingiza kontrasti, na burashi ije baada ya hapo, kwa sababu burashi inatoa damu.

Andika mahali nyongo ilipotoka: tawi la kulia, la kushoto, au mrija mkuu. PSC haigawanyiki sawasawa. Nyongo iliyokaa juu ya sehemu iliyobana ni mzito na chafu, ya tawi lililo wazi ni safi, na zote ni za mtu mmoja siku moja.

Fomu iseme pia: stenti ipo au haipo na tangu lini, mlango wa mrija umeshakatwa au la, kifuko cha nyongo kipo au kimetolewa, antibayotiki ipi imetolewa na saa ngapi. Kwa mwenye PSC antibayotiki hutolewa kabla ya ERCP, jambo ambalo ni sahihi, ila mwenzetu wa kuotesha bakteria lazima ajue.

Na kwa usalama wa mgonjwa, diklofenaki au indometasini miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, kama hana kizuizi. Inapunguza uwezekano wa kongosho kuvimba.

#10 Visima96

Naomba niipokee sampuli kutoka mkononi mwa #9.

Gawa palepale chumbani, kabla haijasafiri. Chupa ya kwanza tasa, mililita 1 hadi 2, ya kuotesha bakteria. Hiyo isiwekwe kwenye barafu wala isifunguliwe tena. Ya pili mililita 1, ya kuangalia kwa hadubini ikiwa mbichi. Iliyobaki ni ya viashiria, iingie kwenye barafu na kufunikwa alumini.

Kwa nini haraka? Chumvi za nyongo ni sabuni. Zinayeyusha utando wa seli. Nyutrofili iliyokuwa nzima saa 4 asubuhi inakuwa imepasuka saa 8 mchana, na kalprotektini iliyokuwa ndani imetoka. Hapo kinachopimwa ni muda ambao chupa ilikaa mezani. Weka sheria moja ya maabara, mfano dakika 60 tangu kuvutwa hadi kuzungushwa, na sampuli iliyochelewa iandikwe kwamba imechelewa.

Zungusha kwa 1,500 g, dakika 10, nyuzi 4. Naomba watu waache kuandika mizunguko kwa dakika peke yake, kwa sababu nguvu inategemea urefu wa mkono wa mashine. Hesabu: zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo kwa sentimita, kisha kwa mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Mkono wa sentimita 15 kwa mizunguko 3,000 unatoa takriban 1,500 g. Mkono wa sentimita 8 kwa mizunguko ileile unatoa karibu nusu tu.

Chukua majimaji ya juu bila kugusa ute wala mashapo. Gawa nusu mililita kwa kila kichupa, hifadhi kwenye hasi 80. Kichupa kikishayeyuka kisirudi kwenye friza.

Sasa ELISA ya kinyesi. Inaweza kutumika, lakini siyo kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji. Karatasi ile inatoa jibu kwa mikrogramu kwa gramu ya kinyesi; nyongo ni majimaji, jibu liwe nanogramu kwa mililita. Na vikomo vya 50 na 250 vilivyozoeleka kwenye kinyesi havina maana yoyote hapa. Nimeona majibu yakitoka na alama ya "juu" kwa kutumia 50, hilo ni kosa la moja kwa moja.

Nyongo ina vitu vitatu vinavyovuruga kisima (kitundu cha sahani ya ELISA kinachowekwa sampuli): chumvi zake zinazolegeza kingamwili zilizobandikwa, ute unaozuia maji ya kuoshea, na bilirubini inayofyonza mwanga karibu na nanomita 450, palepale tunaposomea rangi. Dawa ya vyote vitatu ni kuzimua kwa kutosha na kuosha kwa kutosha.

Jinsi ya kujua umezimua vya kutosha: fanya mfululizo. Tuseme kwa 1:100 kisima kinasoma 40, ukirudisha unapata 4,000. Kwa 1:400 kinasoma 16, unapata 6,400. Kwa 1:1,600 kinasoma 4.1, unapata 6,560. Hizo mbili za mwisho zinakubaliana, ya kwanza haikubaliani. Maana yake kwa 1:100 nyongo bado ilikuwa inazuia kipimo, na jibu la kuaminika liko karibu 6,500. Aliyepima kwa 1:100 tu angetoa 4,000 kwa moyo mweupe.

Kisha ongeza kiasi kinachojulikana. Sampuli iliyozimuliwa inasoma 20, umeongeza kiwango cha 20, unategemea 40. Ukipata kati ya 36 na 44 umerudishiwa asilimia 80 hadi 120 ya ulichoongeza, endelea. Ukipata 32, umerudishiwa 60 tu, zimua zaidi. Pima kila sampuli kwenye visima viwili. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, rudia.

#11 Seramu

#10, kuna jambo la kalsiamu. Kalprotektini hushikana wawili wawili kuwa kundi la protini nne kwa msaada wa kalsiamu. EDTA ikiingia, kundi linaachana na baadhi ya kingamwili za seti hazilitambui vilevile. Kwenye nyongo usiweke EDTA. Kwenye damu hali ni nyingine: damu ikiganda, nyutrofili zinamwaga kalprotektini ndani ya tyubu, kwa hiyo seramu inasoma juu kuliko plazma. Chagua aina moja ya tyubu na usiilinganishe na nyingine. Mgonjwa aliyepimwa kwa plazma mwezi wa 3 na kwa seramu mwezi wa 6 hana mwelekeo wowote unaoweza kusomwa.

#12 Visima96

Sahihi kabisa, na ndiyo sababu bafa ya kuzimulia itumike ileile ya seti, usibadilishe kwa ya kujitengenezea yenye fosfeti nyingi, maana fosfeti inaikamata kalsiamu.

Niongeze lingine: pima amilesi kwenye nyongo hiyohiyo. Ikiwa juu sana kuliko ya damu, majimaji ya kongosho yamechanganyika, na vimeng'enya vyake vinakata protini unazozitafuta. Pima pia jumla ya chumvi za nyongo ili ujue sampuli ilikuwa nzito au imezimuka.

#13 Bandari_Salama

Wakuu, huku Afrika Mashariki PSC ni nadra kuandikwa. Mgonjwa mwenye macho ya manjano na kuwashwa mwili, kitu cha kwanza kufikiria siyo PSC. Tusije tukawaacha wadogo zetu wakiruka mambo ya karibu.

#14 Mrija_Mkuu

Umenena vema, na hilo ndilo eneo ambalo hadubini ya kawaida inaishinda ELISA.

Mirija inayofanana na ya PSC kwenye picha inaweza kuwa ya VVU vilivyoendelea, CD4 ikiwa chini ya 100. Hapo wa kulaumiwa mara nyingi ni kriptosporidiamu, sitomegalovirusi au mikrosporidia. Mlango wa mrija unabana na matawi ya ndani ya ini yanapata makovu. ALP inapanda sana huku bilirubini ikiwa karibu na kawaida. Tandaza nyongo au kinyesi kwenye slaidi, paka rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, tafuta vimbegu vya duara vyekundu vya mikromita 4 hadi 6. Tiba yenyewe ni kurudisha kinga kwa ARV.

Minyoo aina ya askarisi hupanda hadi kwenye mrija. Kwenye ultrasaundi unaona mistari miwili sambamba kama reli, wakati mwingine ikitembea. Ultrasaundi ya mkono wenye ujuzi inatosha.

Mgonjwa wa selimundu hutengeneza vijiwe vyeusi vya bilirubini, navyo hushuka kwenye mrija mkuu. Tena bilirubini yake isiyounganishwa iko juu kila siku kwa sababu ya chembe nyekundu kupasuka, kwa hiyo angalia ile iliyounganishwa.

Anayetumia atazanavir anaweza kuwa na macho ya manjano huku mirija yake ikiwa safi kabisa: dawa inazuia kimeng'enya kinachounganisha bilirubini. ALP na GGT zitakuwa kimya. Huyo haendi kwenye MRCP.

Kichocho cha ini kinaacha makovu kuzunguka mshipa mkuu wa ini na kinaweza kuipandisha GGT. Tezi za kifua kikuu zinaweza kuubana mrija kwa nje. Na saratani ya kichwa cha kongosho ipo siku zote.

Kama kuna homa, usisubiri kiashiria chochote. Vigezo vya Tokyo vya 2018 vya maambukizi ya ghafla ya mirija ya nyongo vinataka dalili ya inflamesheni (homa zaidi ya 38, chembe nyeupe chini ya 4,000 au juu ya 10,000, au CRP, protini ya damu inayopanda kwenye inflamesheni, kuanzia miligramu 1 kwa desilita), dalili ya nyongo kukwama (bilirubini kuanzia miligramu 2 kwa desilita, au vimeng'enya zaidi ya mara 1.5 ya kikomo), na picha. Ya kwanza ikiwepo pamoja na moja ya zile nyingine, tayari unashuku. Zote tatu zikiwepo, umethibitisha. Otesha damu, anza antibayotiki, panga kuufungua mrija.

#15 Mwanafunzi_wa_Tiba

#6 ulisema IgG4 ina mtego?

#16 Mrija_Mkuu

Ndiyo. Kuna ugonjwa wa IgG4 unaobana mirija sawa na PSC, mara nyingi kwa mwanaume mtu mzima, na kongosho lake huvimba pia. Tofauti ni kubwa kwa mgonjwa: huu unaitikia prednisoloni vizuri, PSC haiitikii. Kuukosa ni kumnyima mtu tiba.

Kikomo ni gramu 1.4 kwa lita. Zaidi ya mara nne ya hapo, yaani 5.6, ni nadra sana iwe PSC. Lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wa PSC naye ana IgG4 iliyopanda kidogo. Kati ya 1.4 na 2.8, pima na IgG1, ugawanye: uwiano wa IgG4 kwa IgG1 ukizidi 0.24, ugonjwa wa IgG4 unakaribia.

Mtego ni huu: IgG4 ikiwa nyingi kupita kiasi, mashine ya nefelometria inaweza kusoma *chini*, kwa sababu antijeni imezidi kingamwili na chembe za kutawanya mwanga haziundiki. Mgonjwa mwenye dalili zote na IgG4 ya kawaida, piga simu maabara, seramu izimuliwe zaidi na kupimwa tena.

#17 Pipeti

Na CA 19-9? Inaombwa karibu kila fomu.

#18 Seramu

CA 19-9 ni ya kushuku saratani ya mirija kwa mtu ambaye PSC yake inajulikana. Haitambui inflamesheni, ingawa inflamesheni inaipandisha. Kikomo cha kawaida ni 37 U/mL. Kwa wenye PSC kikomo cha 129 kimetumika kutafuta saratani, lakini nyongo ikiwa imekwama au kuna maambukizi namba inaweza kupaa mamia na kushuka yenyewe mrija ukifunguliwa. Kwa hiyo ipimwe tena wiki chache baada ya kufungua, bilirubini ikiwa imeshuka.

Upande mwingine, watu wasio na antijeni ya Lewis hawatengenezi CA 19-9 hata wakiwa na saratani. Kwa Wazungu ni asilimia 5 hadi 10, na kwa watu wenye asili ya Afrika sehemu hiyo ni kubwa zaidi. CA 19-9 isiyosomeka kabisa kwa mgonjwa wetu haimpi usalama.

#19 Skopu_ya_Pembeni

Ndiyo maana sehemu iliyobana ichukuliwe seli kwa burashi. Burashi ya kawaida inawanasa chini ya nusu ya wenye saratani, lakini ikisema ni saratani huwa inasema kweli. Pitisha burashi mbele na nyuma angalau mara 10, kata kichwa cha burashi kitumbukie kwenye kimiminika cha kuhifadhi seli. Kuifuta kwenye slaidi na kuiacha ikauke kunapoteza seli nyingi. Palipo na FISH (kipimo cha kromosomu za seli kwa rangi zinazong'aa), iongezwe.

#20 Bandari_Salama

Swali la mwisho. Mahali ambapo ERCP haipo, kalprotektini ya kinyesi inaweza kuchukua nafasi ya ile ya nyongo?

#21 Visima96

Haiwezi. Nyongo inamwagika utumboni, kwa hiyo mirija iliyowaka inaweza kuchangia kwenye kinyesi, lakini huwezi kuitenga na inayotoka kwenye utumbo wenyewe. Diklofenaki, omeprazoli na maambukizi ya kuharisha vyote huipandisha. Inafaa kufuatilia utumbo. Kwa mirija, fedha hiyo iende kwenye MRCP.

#22 Pipeti

Nashukuru sana wakuu. Kwa niliyoyapata hapa, jibu la kalprotektini ya nyongo litoke hivi, na atakayeona pa kurekebisha anisaidie:

"Nyongo, tawi la kushoto, imevutwa kabla ya kontrasti, mililita 6. Muda hadi kuzungushwa: dakika 40. Mwonekano: kijani nzito, hakuna damu. Stenti: hakuna. Mlango wa mrija: haujawahi kukatwa. Antibayotiki: imetolewa kabla ya utaratibu. Kalprotektini: 6,500 ng/mL (uzimuaji 1:400 na 1:1,600 vimekubaliana). Amilesi ya nyongo: haijazidi ya damu. Maelezo: nyutrofili zimeongezeka ndani ya mrija. Hakuna kikomo kilichokubaliwa cha kutambua PSC kwa kipimo hiki. Lisomwe pamoja na MRCP, IgG4 ya seramu na matokeo ya kuotesha bakteria."

#23 Mrija_Mkuu

Ongeza mstari mmoja: idadi ya chembe nyeupe kwenye slaidi mbichi. Nyutrofili nzima zikiwa tele kwenye slaidi na kalprotektini iko juu, vinathibitishana. Slaidi ikiwa tupu na kalprotektini iko juu, rudi uangalie saa ya kuvutwa.